Siku ya Tano, Wete

Leo hatwendi.
Viatu vimelala chali dirishani, midomo wazi.
Miguu haikuambiwa: alfajiri imeamka yenyewe,
ikashuka kitandani, ikasimama juu ya saruji
kungoja amri.
Nikaiambia, rudini. Ikarudi, haikulala.

Tangu Mkoani watu wanasimamisha baskeli kutuuliza,
"Gari mmeikosa?"
Hatukuikosa.
"Nauli basi, hamna?"
Ipo.
Hapo mtu hunyamaza, hutazama mabegi,
halafu hutazama barabara tuliyotoka
kana kwamba jibu tumeliangusha huko.
Mtambile mama mmoja alitupa ndizi tatu kwa huruma.
Shaame alizila kwa aibu,
zote tatu.

Sasa saa nne na bado kalala,
mdogo wangu kwa kuzaliwa, mkubwa wangu kwa kukoroma.
Nimefua soksi. Maji ya kwanza yametoka mekundu,
nimeimwaga Chambani, nimeimwaga Pujini
katika mfereji wa watu wa Wete.
Lengelenge la kisigino, kubwa mfano wa kungumanga,
nimelitoboa kwa sindano ya mwenye nyumba.
Bi Mize aliipitisha kwanza kwenye moto wa jiko,
akasema Bismillahi, akageuza uso
yeye, si mimi.

Mji unapanda na kushuka kwa mtaa mmoja,
nami nachechemea na ndara za kuazima
kupita mikeka ya karafuu iliyotandazwa ukingoni mwa lami.
Harufu inaingia mpaka kwenye meno.
Mtoto anayefukuza kuku mikekani
ananitazama mguu, ananitazama uso,
anaendelea na kuku.

Fundi viatu ni Faki, ana kigoda na nyundo isiyo na rangi.
Hakuniuliza habari ya gari.
Alikipindua kiatu, akakisoma soli
kama mtu asomaye barua ya mwenziwe, polepole, bila haya.
"Cha kushoto kimekwisha kwa nyuma. Cha kulia kizima.
Unatembea kama mtu anayesikiliza kisogoni."
Sikujibu.
"Mnakwenda wapi?"
Kigomasha, mnarani.
"Kuna nini?"
Njia inakwisha.
Akatikisa kichwa, akachukua kisu.
Siku tano, na huyu ndiye wa kwanza
aliyeona hilo linatosha.

Sikumwambia kuwa mama kazaliwa mji huu huu,
akaolewa Mkoani, akapelekwa usiku,
juu ya magunia ya karafuu ndani ya lori,
ushungi hadi kidevuni, shangazi wawili wamembana
asiinue kichwa, si adabu ya bibi harusi.
Kisiwa kizima kikampita chini ya magoti.
Hakurudi. Kwanza watoto, kisha nyonga.
Na hata mwaka ule wa mwisho, akimenya muhogo,
aliuliza kama mtu anayeulizia chumvi:
"Hivi, pale katikati pana nini?"

Mchana nilitaka kwenda Limbani kuitafuta nyumba yao.
Nilifika kwenye kona, nikanunua bajia,
nikala nimesimama.
Nikarudi.
Nyumba aliijua. Hakuiulizia.

Jioni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi,
nikamwambia kwa sauti ndogo, Shaame asiniamkie:
Kuna vilima, mama, kimoja nyuma ya kingine,
lori lenu lazima lilipiga kelele sana.
Kuna kijito ambacho huvukwi bila kuvua viatu.
Kuna mzee wa bata, hasemi na mtu, anasema na bata.
Kuna mahali, kabla ya Chake, barabara inapinda kweli,
dereva alipunguza mwendo, hana budi,
na mwezi kama ulikuwapo
ungeinua ushungi kidole kimoja tu.

Kiatu kimerudi baada ya isha.
Kisigino kipya ni kipande cha tairi, kizito,
bado kina maandishi ya kiwanda.
Kesho, akiuliza mtu,
gari sikuikosa.
Naikanyaga.